Mchagua Jembe

Barua tatu zimelala mezani,
kati ya chupa ya chumvi na kipimo changu cha sukari.
Moja nzito, karatasi yake kama ya harusi.
Moja ya kawaida.
Moja imekunjwa vibaya, muhuri umekaa upande,
kana kwamba aliyeifunga alikuwa akipiga soga.

Nje, mto umeganda hadi ng'ambo, hadi Kanada.
Shamba liko chini ya theluji,
viazi viko ghalani, vinapumua gizani.
Mimi, Solange Michaud, miaka kumi na saba,
nina hadi Jumatatu.

Baba keshaamua tangu Novemba.
Alinunua kibandiko cha kile chuo kikubwa cha Boston,
akakipachika nyuma ya lori, juu ya kutu,
akakilainisha kwa kidole gumba, mara mbili.
Tangu siku ile, kila aendapo dukani
huligeuza lori, mgongo wake utazame mlango,
watu wasome.

Simlaumu.
Shule yetu hufungwa wiki tatu kila Septemba
watoto waende kuvuna viazi.
Mwaka mmoja yeye alikwenda kuvuna,
hakurudi darasani.

Lakini mimi nilikwenda kukiona.
Kijana aliyetutembeza alitembea kinyumenyume,
akihesabu: maktaba hii ina vitabu milioni ngapi,
jengo lile limetolewa na nani,
nani na nani walipita mlango huu.
Nikauliza: sukari yangu ikishuka saa tisa usiku,
nani atagonga mlango wangu?
Akatabasamu. Meno yote yalikuwepo.
Akanipa kijitabu.

Nikauliza habari za udongo.
"Tuna somo moja, mwaka wa nne," akasema, "likipata watu."

Bei sikuuliza, ilikuwa imeandikwa.
Mama aliisoma kwa ile sauti ndogo
ya kusomea majibu ya daktari,
akaanza kuigeuza mapipa ya viazi.
Hakufika mwisho. Aliilaza penseli.

Chuo cha pili sikikumbuki vizuri.
Kilikuwa na bwawa la kuogelea.

Cha tatu ni saa nne kwa basi.
Paa la maktaba linavuja: ndoo ya bluu
imewekwa kati ya historia na kemia
na hakuna aliyehangaika kuificha.
Mpishi, mama mwenye kovu la mafuta mkononi,
alikiona kimashine kiunoni pangu
akauliza, hajajua hata jina langu,
"Wewe unakula saa ngapi?"
Na Bwana Haskell, mwalimu wa udongo,
alinipeleka kwenye banda la vioo,
akachota donge, akalivunja, akalinusa,
akanipa nami ninuse.
Lilinuka kwetu.
Lakini ndani yake mlikuwa na harufu nyingine
nisiyoijua jina,
nami nikalitaka jina lile.

Shangazi Bernadette alipiga simu.
"Hicho nacho ni chuo? Sijawahi kukisikia."
Kweli. Hata mimi nilikuwa sijakisikia.

Wapo wasemao mchagua jembe si mkulima.
Hawajamwona baba yangu dukani mwezi wa Aprili.
Hupima mpini kwa kiwiko,
huugonga sakafuni, ausikilize,
hulirudisha la kwanza, hulirudisha la pili,
lile linalong'aa hata haligusi,
kwa sababu bega lake la kulia lilivunjika zamani
na bega halisomi chapa.

Usiku nikamwambia hivyo hivyo, kwa habari ya bega.
Alinyamaza. Jokofu likanguruma, nalo likanyamaza.
"Na ile ndoo," akasema mwishowe, "ni ya bluu kweli?"

Asubuhi nikasikia mkwaruzo nje.
Alikuwa ameinama nyuma ya lori
na kisu cha kukatia viazi vya mbegu,
pumzi ikimtoka nyeupe,
akikibandua kibandiko taratibu, kuanzia pembeni.
Kikakatika. Herufi mbili zimeshikana na kutu,
zimegoma kutoka.
"Ziache," nikasema.

Akaziacha. Akapuliza vidole.
"Posta inafunguliwa saa mbili," akasema.
"Vaa kofia."