Nyuzi Kumi na Moja

Umeme ukikatika Newala
mtaa mzima hupiga mluzi wa lawama,
fundi cherehani hutukana shirika,
na mimi, Mungu anisamehe,
nakimbilia uani na mbao zangu.

Mbao mbili za mninga, bawaba ya dirisha,
boliti niliyoichonga mwenyewe kwa tupa:
robo mzunguko kila sekunde kumi na tano.
Dunia ikinizungusha huku, naizungusha kule,
ili nyota zisiburuze mikia kwenye picha.

Juu yake kamera. Niliinunua kwa Likapa,
mpiga picha wa harusi na wa wanaotoka unyagoni,
alipoamua kulima ufuta.
Kadi ilikuja na watu ndani:
wasichana tisa waliong'arishwa kwa mafuta,
bwana harusi aliyefumba macho.
Ikaja pia na doa. Jekundu, moja,
kila picha, chini, mkono wa kulia.
Mwezi mzima niliamini nimegundua nyota.
Nikaiita Nyota ya Likapa. Alipopata habari
alidai asilimia.

Siku hizi nimejifunza. Kabla ya kulala
nafunika lenzi kwa kifuniko
nalipiga picha giza, mara ishirini,
muda uleule, baridi ileile,
nijue kamera inatunga nini ikiwa haioni kitu.
Kompyuta inauchomoa uongo huo;
picha mia moja na arobaini zinalazwa
moja juu ya moja kama chapati,
chenga zinayeyuka,
na rangi inajitokeza polepole
kama hina inayokolea kiganjani.

Mwezi wa saba si wa kuchezea.
Kipupwe kimelikausha anga, Akarabu kainua mkia
karibu na utosi; lakini ndio msimu wa salfa.
Alfajiri mashine zinavuma mikoroshoni
na unga wa njano unatua kwenye kila kitu:
kikombe, kope, mbuzi wa jirani, lenzi.
Naipangusa kwa brashi ya kunyolea
aliyoiacha marehemu baba.

Jana Bi Somoe alikuja na kibatari.
Nikapiga kelele "Zima!" kama niliyeona nyoka.
Akazima. Akageuza ndoo, akaikalia.
"Unapiga nini?"
"Wingu jekundu, tumboni mwa Kausi."
Akatazama. "Mimi sioni wekundu."
"Hata mimi. Jicho lina haraka, bibi.
Hili linangoja."
Akaguna guno la mtu aliyeuziwa samaki wa juzi.

"Na hiyo bawaba, mbona inatazama kusini
na wingu lenyewe liko juu?"
Nikamweleza: anga lote linazunguka mahali pamoja.
Wa kaskazini wana nyota ya kuwaonyesha pao.
Petu ni patupu. Panapimwa tu,
nyuzi kumi na moja kutoka ardhini,
ng'ambo ya Ruvuma.

Alinyamaza mpaka nikapoteza hesabu ya boliti.
"Chini ya hapo patupu," akasema, "ni Mueda.
Tulitoka nikiwa mgongoni."
Kisha akacheka peke yake gizani:
"Kumbe vyote hivi vinazunguka kwetu!"

Picha ile iliharibika. Kila nyota ina mkia
mfupi, kama kiluwiluwi. Sijaifuta.

Saa nne na nusu umeme ulirudi.
Taa ya duka la pembejeo ikafagia anga lote,
watoto wakashangilia, redio tatu zikaamka
kila moja na taarabu yake.
Nikakunja mbao, nikajipangusa salfa magotini.
Bi Somoe alikuwa bado juu ya ndoo,
kibatari kimelala miguuni,
shingo ameielekeza kule kusikoonekana kitu.
Akaniuliza, bila kugeuka,
kama kesho utakatika tena.