Baada ya Wageni

Kwanza nilimjua kwa kola.
Miaka kumi na tisa nilifua mashati ya hoteli,
barabara ya Casuarina, chumba cha nyuma kisicho na dirisha,
na shati lake halikuhitaji alama ya wino:
upande wa kushoto wa shingo, mstari wa kahawia
pale mkanda wa saksafoni ulipokaa usiku kucha.
Ndimu, sabuni ya mche, jua la saa nne,
mstari ukafifia.
Jumatatu ukarudi.

Muziki wenyewe niliujua kwa ukuta.
Upande wa pili walikuwa wakimenya kamba, wakicheka,
na Thoya Mwaringa akiwapulizia chini ya maneno yao,
taratibu, kama mtu anayepoza uji wa mtoto wa mwenziwe.
Mpishi akiponda nyama, nilikosa nusu ya wimbo.
Mashine ikikamua mashuka, nilikosa nusu iliyobaki.

Hoteli ilifungwa. Vitanda viliuzwa, kisha milango.
Mwaka huu, ana miaka sabini na mmoja na meno ya kununua,
ametoa albamu yake ya kwanza.
Aliileta mwenyewe kwa baiskeli, mpaka kwangu Maweni,
flashi nyekundu ndani ya bahasha ya dawa.
"Nyuma umeshasikia," akasema. "Sasa sikiza mbele."
Chai hakutaka.

Vipande vinane. Hakuna neno hata moja.

Mjukuu wangu Kadzo alisikiza kimoja, akavua kofia ya masikioni:
"Nyanya, huu si muziki wa kusubirishwa kwenye simu?"
Nikamwambia ndiyo, mwanangu, umesema kweli.
Na kusubiri ni kazi, ina mafundi wake.

Basi nimeisikiza nikipiga pasi za watu.
Ngoma haipigwi, inapepetwa:
mchele ndani ya uteo, chuya zikienda zake.
Besi inatembea kama mwenye viatu vipya
katika nyumba yenye mgonjwa.
Piano inaingia na noti mbili, inatoka,
jirani aliyekuja kuomba chumvi
akakumbuka kwamba anayo.
Halafu yeye. Hapandi. Hashindani na mtu.
Napuliza makaa ya pasi, naye anapuliza,
na kwa muda sijui ni pumzi ya nani inayowaka.

Wako watakaosema ni laini, kwa hiyo ni rahisi.
Hao hawajawahi kunyoosha hariri.
Pasi ikizidi moto, umeunguza.
Ikipoa, mikunjo inakucheka.
Mkono ukisita hata kidogo,
alama imeketi pale, na bibi harusi kesho.

Katika kipande cha tano, mkono ulisita.
Noti moja ilishuka chini ya mahali pake,
kama mguu uliodhani ngazi imekwisha.
Angeweza kurudia; studio alilipia mchana mzima.
Ameiacha.
Mimi kila nikifika hapo narudisha nyuma,
naishuka ngazi ile pamoja naye.

Cha saba sikipendi, nisiseme uongo.
Kijana wa studio amemwaga fidla za kompyuta
kama anayetia sukari kwenye tende.

Lakini cha nane, jamani.
Usiku, Kadzo amelala, umeme umetulia,
makaa yamevaa majivu.
Wimbo unapungua bila kuaga,
mpaka nasikia chumba alichokalia,
nasikia anavuta hewa, na hewa hiyo haiitumii.
Kisha kitu kidogo, tik:
bizimu ya mkanda inagonga shaba.

Anauvua.

Miaka yote ile niliufua huo mkanda
bila kujua kwamba una sauti.
Nikaisimamisha pasi.
Nikajikuta nimeshika shingo,
upande wa kushoto.