Mali Kauli

Lifti haijafanya kazi tangu muhula wa kwanza.
Napanda kwa miguu, ghorofa nne juu ya duka la vipuri, Buxton,
kiatu kimoja bado kina vumbi la Kongowea.
Kwenye mlango wa kioo wamechora dunia ya buluu,
na chini yake: Chuo cha Kimataifa cha Biashara.
Kimataifa ni Dakta Byarugaba wa Mbarara,
Wakongo wawili, msichana wa Moroni anayesinzia,
na saa tatu ukutani: London, Dubai, Mombasa.
Ya Mombasa imekufa betri.

Siku ya kujisajili karani alinitandazia shahada kama vitambaa:
hii ya uhasibu, hii ya masoko, hii ya ugavi na bandari,
hii ya hoteli, mama, inatoka sana.
Nikamwuliza, "Hakuna rangi nyingine?"
Hakucheka. Nikachukua ya masoko,
maana soko nalijua hata mlango wake wa nyuma.

Jumatano, saa kumi na mbili unusu,
Dakta anaandika ubaoni: mtaji.
Mtaji una aina nne, asema.
Mimi ninayo ya tano mkobani, kidaftari cha mraba:
Mama Kache, magunia mawili ya vitunguu, mali kauli.
Shebwana wa Likoni, ndoo sita za nyanya, mali kauli.
Yaani chukua, nenda, neno lako ndilo risiti;
ukiuza utaniletea,
usipouza tutatazamana.
Miaka kumi na tisa. Walionikimbia hawajazi vidole vya mkono mmoja,
na mmoja alikufa, huyo simhesabu.

Nikayaandika hayo kwenye mtihani.
Karatasi ikarudi na wino mwekundu pembeni:
"Chanzo kiko wapi?"
Chanzo ni mimi, Dakta. Chanzo kimekaa kiti cha tatu,
kinanuka kitunguu.

Kisha ada.
Elfu arobaini na mbili kabla ya Ijumaa,
la sivyo jina latoka kwenye orodha.
Nikaenda dirisha la malipo, kwa Bwana Kazungu,
nikamwambia: nipe muhula huu mali kauli.
Akafuta miwani yake kwa ncha ya tai.
"Bi Mwanamkasi, chuo hakiendeshwi kwa maneno."
Na nyuma ya pazia lake mwenye jengo akigomba,
kodi ya miezi mitano, mitano!
na sauti ya mkuu wa chuo, laini,
laini kama ya Shebwana nyanya zikimwozea:
"Tuvumilie, sheikh. Tukipata ada tutakuletea."

Kazungu akanitazama.
Nami nikamtazama.
Akageuza daftari lake hadi ukurasa wa mwisho kabisa,
akaandika jina langu kwa penseli.
Juu yangu palikuwa na majina mengine kumi na moja.

Niliporudi darasani aina ya nne ilikuwa imefutwa nusu.
Nikainakili hivyohivyo.