Sina Jambo

Marlys Tveit, wa ofisi ya maveterani ya kaunti,
aliniambia nisiandike siku njema.
"Andika ile mbaya," alisema, huku akipekua kalenda
ya bure kutoka duka la matrekta,
"siku ambayo mkeo alikuvisha soksi."
Nikamwuliza amejuaje habari za soksi.
Hakunijibu. Akaniongezea karatasi nyingine.

Sasa ni saa nne usiku, Duluth, Februari.
Theluji imefika kwenye dirisha, imeegemea kioo
kama jirani mwenye umbeya,
na fomu zimetandazwa mezani
pale tunapolia viazi.
Kalamu ni ya benki. Wino umeganda; naupulizia pumzi.

Swali la kumi na nne: Eleza maumivu yako.

Baba yangu alikatwa vidole viwili na msumeno wa kinu cha mbao,
akamaliza zamu.
Nyumbani kwetu ukiulizwa hali, jibu lilikuwa moja:
sijambo.
Sina jambo.
Ndivyo nilivyomwambia daktari wa kambi, naye akaandika,
na sasa neno lile limo ndani ya faili, lina mhuri juu yake,
linatoa ushahidi dhidi yangu.

Haya basi, niseme jambo.
Nilikuwa mpakiaji wa mzinga. Kombora moja, kilo arobaini na tatu,
usiku na mchana, na mgongo ulikuwa wa kijana
asiyejua kuwa mgongo ni akiba.
Sikio la kushoto lina mbu wa chuma.
Haumi. Halali.
Goti… naandika "goti", nafuta, naandika tena;
mkono unasita kama wa mtu anayemsengenya rafiki.

Jumapili nilimpigia Barrientos, kule Laredo.
Miaka kumi na sita hatujasemezana.
Nilitaka aya moja tu, kwamba alikuwepo
gari lilipopinduka mtaroni,
maana karatasi ya siku ile haipo, ilipotea na kreti zima.
Alinyamaza hata nikadhani simu imekatika.
Kisha: "Nitaandika. Ila na wewe niandikie ya kwangu."
Sikujua kuwa naye ana yake.

Na hesabu yao! Hamsini na thelathini hazifiki themanini.
Marlys alinichorea nyuma ya bahasha:
asilimia ya pili hukatwa katika kile kilichobaki cha mtu,
ya tatu katika mabaki ya mabaki.
Kila mara hukuachia kipande kizima
wanachoamini kinaweza kwenda kazini.

Corinne naye alipewa ukurasa wake, ushahidi wa mwenzi.
Aliuandikia chumba cha kufulia, mlango umefungwa,
akaulaza kifudifudi chini ya kichupa cha chumvi,
akapanda kulala.
Nimeugeuza.

*Mume wangu Verlin hulala kitini tangu mwaka ule wa mafuriko.
Hukaanga mayai huku ameegemea friji.
Akidhani nimelala, hushuka gereji, huketi ndani ya gari
bila kuliwasha.
Nami huketi juu ya ngazi, gizani,
mpaka nisikie mlango wa gari, ndipo nirudi kitandani mbio.
Miguu yangu huwa ya baridi.
Hajawahi kuuliza kwa nini.*

Nimesoma mara tatu. Mara ya tatu bila miwani.

Swali la kumi na nne lina mistari mitano tu.
Naandika: miguu ya mke wangu ni ya baridi.
Nafuta. Hawataelewa.
Naandika habari za soksi,
mguu gani huanza, nani hupiga magoti,
nani hutazama ukutani.

Mbao za juu zinalia. Kimya. Zinalia tena.
"Hujambo huko chini?"
Lile neno liko tayari, limekaa ncha ya ulimi
kama lilivyokaa miaka yote.
Nalimeza.
"Shuka," namwambia. "Vaa soksi kwanza."