Ukurasa wa Sitini na Tatu

Nalipwa kwa ukurasa, shilingi mia tatu,
kuugeuza Kiswahili mpango mkuu wa mji
ili wenye mji wausome kabla ya Alhamisi
watie saini kwamba wameshirikishwa.

Nimeketi ghorofani, Langoni, umeme umekatika,
kamusi nimeikalisha juu ya karatasi
upepo usinile ujira.

Neno gumu la kwanza lilikuwa "wadau".
Nimeliandika mara arubaini
na kila mara namuona Bi Rukiya Bwanadi akiuliza:
dau lipi, la kuvukia au la kamari?
Neno la pili, "ustahimilivu".
Ustahimilivu wa mtaro. Ustahimilivu wa ukuta.
Ustahimilivu wa pua haumo.

Nembo za wafadhili zimepangwa chini ya jalada
kama viatu mlangoni mwa msikiti:
vya benki vimeng'arishwa,
vya ubalozi vimekaa kando, vimetazama kibla,
vya kaunti yetu ni ndara, na zote mbili za kushoto.

Ukurasa wa thelathini ni ramani.
Mtaa wetu umepakwa rangi ya waridi
na waridi, pambizo linasema, ni "makazi yasiyo rasmi".
Nyumba ya nyanya yangu, yenye zidaka ukuta mzima,
yenye miaka mia mbili na ushei,
si rasmi tangu Jumatatu.

Hayo niliyapita. Nina ada ya shule ya kulipa.

Sitini na tatu nikasimama.
"Njia za riksho zitapanuliwa kwa mita sita
na wakazi wa Khulna watahamishiwa ng'ambo ya mto."

Mto hatuna.
Riksho hatuna. Tuna punda wa Lali Famau
na magunia yake mawili ya saruji:
mkikutana kichochoroni mmoja wenu lazima arudi nyuma,
na si yeye.

Nilicheka hata jirani akagonga ukuta.
Kisha kicheko kikanikauka.

Maana Khulna ni mji. Upo kwenye atlasi ya mwanangu,
Bangladeshi, chini kule, maji yameushika kiuno.
Na huenda yuko huko mtu kama mimi,
miwani, mgongo, mia tatu yake,
anaugeuza mpango kwa Kibangali,
naye leo amefika sitini na tatu akakuta:
"Punda wajengewe kituo cha kupumzikia
na mitaro ya Langoni ifunikwe."
Anamuuliza jirani, Langoni ni wapi?
Anachungulia dirishani, anatafuta punda.

Nilipomsomea Bi Rukiya hakucheka.
Alikuwa kando ya birika, anawatazama samaki wake wadogo
wanaokula viluwiluwi vya mbu,
kazi wanayoifanya miaka yote bila ripoti.
"Mai ni mai," akasema. "Wao wana mangi, sisi tuna machafu.
Muulize huyo mwenzio, mvua ikinya kwao
huingia kwa mlango au kwa dirisha?"

Sina anwani yake.
Nilipiga simu Nairobi. Kijana mpole akapokea,
nyuma yake vikombe vinagongana.
"Ni kosa la chapa, dada. Badilisha jina tu."

Nimelibadilisha.
Sasa ni wakazi wa Lamu
watakaohamishiwa ng'ambo ya mto.
Mia tatu.

Dada wa Khulna, kama mitaro yetu imekufikia
itumie, ukiona inafaa; vifuniko ni vizito, angalia vidole.
Riksho zako nimeziacha nje, hazipiti mlangoni.
Mto wako ninao hapa mezani,
nimeukunja mara nne ndani ya bahasha ya kaki,
na tangu asubuhi
pembe moja ya bahasha inalowa.