Kadi ya Saba

Elirehema ana kadi thelathini kwenye boksi la viatu.
Zilichorwa mbali, kwenye nchi za makoti;
watu wote humo wamevaa soksi, hata aliyelala.
"Mama, huyu anafanya nini?"
Chumba cha mazoezi, Bombo, Jumanne, feni imegoma.

Mama anavuta mdomo. Upande mmoja umelala tangu Rajabu.
Mtu kwenye kadi ana sabuni na povu usoni.
"Ana... ananawa."
Kwenye fomu jibu ni anaosha.
Beseni, shati: "Anafua."
Fomu: anaosha.
Sufuria: "Anasugua. Masizi hayo hayatoki kwa maji matupu."
Fomu haina masizi.
"Mimi naelewa, kaka," kijana ananinong'oneza, Mpare mpole,
"ila karatasi haielewi,"
na kalamu yake inaacha mkasi mdogo kwenye kisanduku.

Kadi ya saba: baba, mtoto mgongoni, theluji.
"Amemweleka," mama anasema, haraka, bila kutafuta,
"na mbeleko hana. Atamwangusha."
Fomu: amebeba.
Mkasi.
Msichana na paka wake: "Amempakata."
Mzee na gogo begani: "Amelipagaa."
Bwana na gazeti: "Amelikwapatia, atalisoma na jasho lake."
Amebeba, amebeba, amebeba.
Mkasi, mkasi, mkasi.
Kumi na moja kwa thelathini.

Mimi ni fundi baiskeli, barabara ya kumi na nne, Ngamiani.
Najua spana kumi haifungui nati ya kumi na tatu.
Beba ni spana malaya:
inaingia kila mahali,
na ukikazana nayo inaitafuna nati.
Sisemi ni mbaya. Nami ninayo, ina kutu ya mikono yangu.
Lakini fundi hapimwi
kwa kuhesabiwa mara ngapi ameishika.

Majina, ndiyo, yamemtoka.
Mbuzi wa nazi amekuwa kile cha kukunia,
kata ni cha kutekea,
dirisha ni pale pa kumchungulia jirani akija kukopa chumvi.
Marehemu baba ni yule aliyekuwa akikohoa.
Na mimi, Mbwana,
mwenye jina lililochinjiwa mbuzi wawili, wenye miguu hao,
ni "wewe niliyekueleka."
Wiki ya kwanza nilitoka nje nikajifanya napigiwa simu.
Sasa naitika.

Ngazi za kutokea ni tisa. Kiti cha magurudumu kina pancha,
na fundi leo hana gundi.
Nikainama. Elirehema akamsogeza, akamlaza mgongoni kwangu.
Mkono mzima ukanikaba shingo,
ule mwingine ukaning'inia kifuani kama tai ya mtu mwingine.
Mwepesi. Fremu tupu, magurudumu yamevuliwa.
Walisema mwana hutazama kisogo cha nina.
Leo nina anatazama changu,
na mvi alizozikuta huko amezinyamazia.

Ngazi ya nne nikasimama kuhema.
Muuza karanga akatutazama, akasahau kurudisha chenji.
"Mama," nikamuuliza, nikiiga sauti ya kijana,
"huyu anafanya nini?"

Akafikiri. Pumzi yake sikioni mwangu ina tangawizi.
Ngazi nyingine tano zilikuwa zinatusubiri.

"Anajaribu kueleka," akasema.
"Mwambie akaze mikono huko chini.
Nateleza."