Walichoniomba Niseme Mbele ya Kibao

Wameniambia niseme dakika mbili, zisizidi,
kabla kitambaa hakijavutwa kwenye kibao cha shaba.
Kijana wa wizarani kaniletea karatasi iliyopigwa chapa:
"Mheshimiwa Hermenegildo Paiva Sarmento,
Baba wa Reli Mpya."
Nimeikunja, nimeitia mfukoni mwa aproni
pamoja na kisu cha kupogolea mizabibu.

Miye ni Deolinda, mlinda kivuko cha Vale de Corças,
kama mama, kama bibi aliyemzaa mama.
Bendera nyekundu, taa ya mafuta, baragumu.
Treni ya saa kumi na mbili na robo ndiyo ilikuwa saa yetu ya ukutani:
ikipita, tunatia chumvi kwenye supu.

Alikuwa mtoto wa huku huku. Msilisahau hilo.
Mama yake aliuza tini madirishani,
na siku mwanawe alipokwenda kusoma Lisbon
alipanda behewa la daraja la tatu
na viatu vya mjomba, vimesindikwa magazeti nchani.
Reli ndiyo iliyomlea. Mwana akakua,
akakalia kiti cha ngozi, akachovya kalamu
katika wino wa kijani,
akafuta njia kumi na moja Jumanne moja asubuhi.
Yetu ilikuwa ya nane.
Zulmira jirani yangu alikuwa akimenya viazi, redio imewashwa.
"Mchuma janga," akasema, na hakuimaliza.

Tusimnyime lake.
Treni ya kasi ya kwenda Porto ni kazi ya mikono yake.
Nilipanda mara moja, nikienda kumzika dada,
kahawa haikumwagika hata tone.
Nje mashamba yalipita kama watu wanaokimbia deni.
Mhandisi niliyekaa naye alisema hesabu ilikuwa wazi:
kwenu abiria wanne kwa siku, na mbuzi.
Nikamuuliza, hao wanne, uliwahi kuyajua majina yao?
Akageukia dirisha.

Vyuma vyetu viling'olewa, vikauzwa kwa kilo.
Kipande kimoja kinashikilia dari la jiko langu.
Mataruma yamekuwa nguzo za mizabibu,
na kiangazi, jua likiyachoma, hutoka jasho la lami
hata ua mzima ukanuka safari.
Shule ikafungwa. Daktari akaacha kuja.
Siku hizi ni njia ya baiskeli: wageni wa kofia ngumu
huniuliza bomba la maji liko wapi.
Jukwaa nalifagia bado. Msiniulize kwa nini.

Haya ndiyo nitakayoyasema, bendi ikininyamazia.
Lile jingine sitalisema.

Kwamba mwaka wake wa mwisho alikuja,
Novemba, usiku, bila dereva, bila nishani,
kabla hata ya lami ya baiskeli,
akaketi kwenye benchi, fimbo kati ya magoti.
Nikamtolea taa. Akauliza:
"Imechelewa?"
"Miaka kumi na tisa, Mheshimiwa."
Hakucheka. Nami sikucheka.
Nikampa tini kavu, akazishika tu, asile.
Kisha akataka kwenda kwa mama yake, makaburini,
ng'ambo ya njia.
Pale hapakuwa na chuma wala kokoto,
palikuwa na nyasi, ukungu, na kinyesi cha sungura.
Na mzee yule, aliyeifuta kwa mkono wake mwenyewe,
akasimama ukingoni,
akatazama kushoto,
akatazama kulia,
akatega sikio,
wala hakuvuka
mpaka nilipomwinulia taa.